Koo za kijeshi za Byzantine: zililinda dola au zililiua?

Mwaka 995 Basil II, kaisari wa Byzantine yaani dola la Warumi wa mashariki, alikuwa anarudi mji mkuu wake Constantinople kutoka vitani Syria, njiani akapita Kapadokia kwenye mashamba ya mzee mmoja anaitwa Eustathios Maleinos. Mzee akamkaribisha vizuri mno, akamlisha yeye na jeshi lake lote, watu kwa farasi, wala hakuishiwa. Kaisari mwingine angeshukuru akaenda zake, lakini Basil akapiga hesabu, maana mtu binafsi mwenye ghala la kulisha jeshi la dola anaweza pia kulisha jeshi lake mwenyewe siku akiamua. Akamchukua Maleinos aende nae mjini kama mgeni wa heshima, akamuweka huko, kila anachotaka anapewa isipokuwa ruhusa ya kurudi kwake, na alipokufa mali yote ikabebwa na serikali. Januari 996 ikatoka sheria ya ardhi na ndani yake koo mbili zimetajwa kwa jina kabisa, Maleinos na Phokas.

Mpaka leo wanaofuatilia historia ya hawa Warumi wa mashariki, ambao Waarabu waliwaita Rum, wanabishana kama Basil alifanya sahihi. Kuna wanaosema koo kubwa za kijeshi za Anatolia (Uturuki ya leo), kina Phokas, Skleros, Maleinos, Doukas, baadae Komnenos, zilikuwa kansa ya dola na alichelewa tu kuzikata. Wengine wanasema hizo koo ndo zilikuwa jeshi lenyewe, ukizivunja umevunja mkono wako wa kulia. Mimi nadhani wote wana hoja nzito ila wote wanakwepa swali moja, ntalifikia.

Tuanze na wanaozitetea maana mara nyingi hawasikilizwi vizuri. Mpaka wa mashariki ulikuwa milima ya Taurus, karibu kila mwaka wavamizi wa Kiarabu wanaingia, wanachoma, wanabeba mateka na mifugo, wanarudi kwao. Mji mkuu uko mbali mno, ukisubiri amri kutoka ikulu wavamizi wameshafika nyumbani. Kwa hiyo kazi ikafanywa na watu waliozaliwa pale pale, wanaojua kila kipito cha mlima, wanaojuana na askari wao kwa majina na baba zao walipigana pamoja. Angalia mwaka 960, jemadari Nikephoros Phokas kaenda kuikomboa Krete na sehemu kubwa ya jeshi, mashariki pamebaki wazi, na Sayf al-Dawla amiri wa Aleppo akaitumia hiyo nafasi akaingia ndani kabisa. Leo Phokas, mdogo wake Nikephoros, alikuwa na kikosi kidogo tu, hakuenda kugongana nae uso kwa uso, akamuacha avune anachotaka alafu akaenda kumsubiri kwenye njia nyembamba ya mlima panaitwa Andrassos. Jeshi la Sayf likaja limelemewa na mateka na mizigo, likabanwa humo, likaangamia, amiri mwenyewe akaponea chupuchupu. Machi 961 Krete ikaanguka, kisiwa ambacho dola lilikuwa limekikosa kwa zaidi ya miaka 130 na misafara kadhaa mikubwa ilishashindwa. Ndani ya miezi michache ndugu wawili wa ukoo mmoja wamefanya hivyo! Baadae Tarso, Kipro na Antiokia nazo zikarudi. Anaesema hawa watu walikuwa wanyonyaji tu hajasoma upande huu.

Sasa upande wa pili. Mwaka 963 kaisari Romanos II anafariki, anaacha watoto wawili wadogo, Basil akiwa mmoja wao, na jeshi likiwa Kaisaria linamtangaza Nikephoros kuwa kaisari. Anaingia mjini, anamuoa mjane Theophano, watoto wanabaki na vyeo vya jina. Miaka sita baadae, Desemba 969, usiku, jemadari John Tzimiskes na wenzake wanapandishwa juu ya ukuta wa ikulu kwa kapu na kamba upande wa bahari. Wanaingia chumbani wanakuta kitanda kitupu, wanapata hofu wakidhani wamesalitiwa, mpaka wanaonyeshwa kwamba Nikephoros amelala chini sakafuni juu ya ngozi kama ilivyokuwa desturi yake, wakamuua pale pale. Na Tzimiskes sio mtu baki, mama yake ni wa ukoo wa Phokas! Nikephoros alikuwa mjomba wake.

Tzimiskes akakalia kiti yeye, akafa 976, kiti kikabaki kwa Basil aliekuwa bado kijana, na jemadari Bardas Skleros akaasi. Ikulu ikakosa wa kumpeleka ikabidi imtoe kifungoni Bardas Phokas, ambae nae alikuwa amefungwa kwa kuasi, yaani muasi anatumwa kumpiga muasi, na hawa wawili ni mashemeji. Mwaka 979 Skleros akashindwa akakimbilia Baghdad, huko nako akawekwa kizuizini miaka kadhaa. Akarudi 987, safari hii Phokas nae kaasi, na alitangazwa kuwa kaisari wapi? Nyumbani kwa Eustathios Maleinos. Yule yule. Wakakubaliana wagawane dola, alafu Phokas akamgeuka mwenzie akamfunga. Basil ikabidi aombe msaada kwa Vladimir mtawala wa Kiev, akapewa wapiganaji 6,000 na malipo yake yalikuwa dada yake Anna kuolewa huko. Aprili 989 kule Abydos, Phokas akamuona Basil kwa mbali akapiga mbio na farasi kumfuata yeye mwenyewe, kabla hajamfikia akakengeuka ghafla, akaanguka, akafa bila jeraha la maana. Miaka 13 imepotea hivyo, na muda wote huo adui mwingine, Samuel kiongozi wa Wabulgaria, anazidi kujitanua.

Skleros mzee, macho hayaoni tena, akaja kujisalimisha ameshikwa mikono pande zote mbili. Mwandishi Michael Psellos anasimulia kwamba Basil alimuuliza dola litalindwaje na uasi, na mzee akamjibu: usiwaachie magavana wenye kiburi, usimruhusu jemadari yeyote awe na mali nyingi, wachoshe kwa kodi zisizo za haki ili wawe bize na mambo ya nyumbani kwao, na siri zako wajue wachache. Ushauri wa mtu aliekuwa anajijua mwenyewe.

Na ukiangalia ardhi ndo unaelewa kwanini Basil aliuchukua. Jeshi la majimbo lilisimama juu ya wakulima wadogo, huyu analipa kodi, yule shamba lake ndo linamtunza askari na farasi wake. Baada ya njaa kali ya 927 na 928 wenye nguvu wakanunua mashamba ya hao watu kwa bei ya kutupa, wengine kwa chakula tu. Sheria ya mwaka 934 ilijaribu kuzuia, zikafuata nyingine, lakini kulikuwa na mwanya mkubwa, ukikaa na shamba la dhulma miaka 40 linakuwa lako, na miaka 40 kwa ukoo wenye majemadari sio kitu. Ile sheria ya 996 iliufuta huo mwanya. Hapo mimi niko na Basil kabisa, mkulima asie na mtu ikulu hakuwa na mtetezi mwingine.

Lakini dawa yake ilikuwa yeye mwenyewe. Aliwaondoa majemadari wakubwa kwa kuwa jemadari yeye, alienda vitani mwenyewe karibu maisha yake yote, askari wakamjua yeye kama zamani walivyomjua Phokas. Alafu hakuoa, hakuzaa, hakumuandaa mtu. Alipofariki Desemba 1025 hazina imejaa na mipaka ni mipana kuliko ilivyokuwa kwa karne nyingi, na anaemrithi ni mdogo wake Constantine, mzee, asie na mazoea ya kutawala. Miaka mitatu tu na Romanos Argyros, mtu wa koo zile zile, anaingia ikulu kwa kumuoa Zoe binti wa Constantine. Hili ndo swali ninalosema watu wanalikwepa: dola halikuwa na sheria inayoeleweka ya nani anarithi kiti, jeshi likikutangaza na mji ukikufungulia mlango basi wewe ni kaisari halali. Katika hali hiyo jemadari akishinda sana anaogopwa ikulu, akiogopwa yuko hatarini, akiwa hatarini njia salama ni kuasi. Hata mtu mwema angefika huko.

Wapo wanaosema kuvunja koo ndo kulileta kichapo cha Manzikert 1071, pale Waturuki wa Seljuk walipolipiga jeshi la dola. Siafiki sana, imepita miaka 46 tangu Basil afariki, na jeshi la jimbo la Iberia kule mpakani upande wa Caucasus halikuvunjwa na Basil, lilivunjwa zama za Constantine IX ili watu walipe kodi badala ya kwenda vitani. Na siku yenyewe ya Manzikert aliekuwa na kikosi cha akiba nyuma ni Andronikos Doukas, ambae ukoo wake ulimchukia kaisari Romanos Diogenes, akageuza kikosi akaondoka, Romanos akatekwa. Hapo koo zilikuwepo, na nguvu zao zote, na zilifanya nini? Kinachoniuma zaidi ni kilichofuata: Alp Arslan, sultani wa hao Waturuki, alimuachia Romanos kwa heshima, waliomtoboa macho mwaka 1072 ni watu wake mwenyewe.

Anaetetea koo atanijibu na Alexios Komnenos, na ni jibu zuri. Mwaka 1081 aliingia kwa mapinduzi kama wengine, ila alishamuoa Irene Doukaina kwa hiyo koo mbili zikawa upande mmoja, akawapa ndugu na mashemeji vyeo vipya vya juu kabisa, na serikali akamuachia mama yake wakati yeye yuko vitani. Uhasama wa koo ukageuka kuwa uongozi, na dola lililokuwa linakufa likasimama karibu miaka 100. Sina ubishi na hilo. Tatizo ni kwamba swali la kiti lilibaki vile vile, limehamia tu ndani ya nyumba moja. Manuel Komnenos alipofariki 1180 mrithi alikuwa Alexios II, mtoto wa miaka 11, na aliemnyonga mwaka 1183 ni Andronikos, binamu wa baba yake, ambae alishajitangaza kaisari mwenza akisema anamlinda.