Kinachotisha ni macho, si damu

Kuna makala inayodai kwamba The Silence of the Lambs, filamu ya mwaka 1991, inaendelea kuvutia kwa sababu ya ukatili wa Hannibal Lecter, muuaji mla watu, lakini mimi naona siri iko kwenye macho. Mwongozaji Jonathan Demme aliwafanya wanaume wanaozungumza na Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI (shirika la upelelezi la Marekani), waikodolee kamera moja kwa moja, ilhali Clarice hutazama pembeni kidogo, hivyo mtazamaji, atake asitake, anakaguliwa kama anavyokaguliwa mwanafunzi huyo. Kwenye lifti, Jodie Foster, anayemwigiza Clarice, amezungukwa na wanaume warefu wenye fulana nyekundu. Haguswi, na bado unahisi kubanwa. Damu tumeiona nyingi kwingineko, tena ya kuchosha. Anthony Hopkins, anayemwigiza Lecter, haonekani hata nusu saa, na Oscar akaichukua.