Nyasi Zitupe Mbegu Pia

Baada ya masika niliingia kwenye kiplot changu cha brakiaria, nyasi ya kulisha ng'ombe, huku bara ya Malindi, na mundu na gunia. Mashuke yalikuwa yamejaa yakaniinamia. Nikakata, nikaanika, nikapepeta. Gunia zima likanipa kikombe kimoja cha mbegu. Kilichobaki kilikuwa makapi.

Ng'ombe wangu anaipenda nyasi ile, na maziwa yanaonyesha. Lakini kila nikitaka kuongeza shamba narudi dukani kununua mbegu, na ni ghali. Linaniuma kwa sababu brakiaria asili yake ni Afrika. Ilichukuliwa huku, ikaboreshwa Amerika ya Kusini, nasi leo tunauziwa kwa pakiti.

Sababu moja ya mbegu kuwa chache huku kwetu ni mahali tulipo. Malindi iko kama nyuzi 3 kusini ya ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kule Brazil na kaskazini ya Thailand, mabadiliko ya mchana huipa nyasi ishara, ikachanua kwa pamoja. Kwetu suke hili limekomaa leo, lile bado wiki mbili, na lililotangulia limeshapukutishwa na kusi. Kwa hiyo aina iliyochaguliwa huko kwa wingi wa majani haitoshi. Tunahitaji zinazochaguliwa hapa hapa pwani, zichanue pamoja, zijaze punje, na zishike mbegu mpaka mkulima afike.

Najua jibu la watafiti: nyasi inayokimbilia kutoa mashuke majani yake hukakamaa mapema. Ni kweli, na ng'ombe huikataa. Lakini kushika mbegu si sawa na kuharakisha mashuke. Australia walipata nyasi ya falarisi isiyomwaga mbegu, wakaiendeleza.

Tena wanaouliza mbegu ya nini wakati nepia, ile nyasi ndefu ya malisho, hupandwa kwa vipando vya shina, wakumbuke ukame ulioanza vuli ya 2020. Mvua ilishindwa misimu mitano mfululizo. Nepia yangu ilikauka hadi mizizi, na jirani wa kumwomba vipando naye hakuwa nacho hata kimoja. Mbegu kavu kwenye debe ingetungoja.

Panikamu ya mwituni, nyasi nyingine ya malisho, ile inayoota yenyewe kandokando ya ua, ina tabia nzuri mno: kwa kawaida kiini cha mbegu yake hutoka kwa mama peke yake. Kuichanganya na nyingine ni kazi ngumu kwa mtafiti, lakini ukishapata shina zuri, watoto wake hufanana nalo, na mkulima anaweza kujiwekea mbegu mwaka hadi mwaka bila aina kuharibika.

Kituo cha utafiti wa kilimo kiko Mtwapa, si mbali. Naomba waje wazunguke nyua zetu. Mimi nimeshafunga uzi mwekundu kwenye mashina matatu ambayo hata baada ya upepo wa wiki iliyopita mashuke yake bado ni mazito.