Mwanaume akibinuka ni ajali, binti akibinuka ni "mwanamke na usukani"

Jana usiku kwenye grupu letu la WhatsApp la Waswahili wa Des Moines, hapa Iowa, Marekani, kaka mmoja, simtaji na yeye anajijua, kaweka kavideo ka gari la sprinti (sprint car, gari la mbio za udongoni) linabinuka kwenye udongo, linajizungusha hewani, lile bawa la juu linaruka huko, tairi huku, alafu dereva anatoka, anavua helmeti, kumbe binti. Chini yake kaandika "mwanamke na usukani" na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Watu wakacheka. Wakaongezea na za kwao, ya mke kugonga geti, ya shemeji kushindwa kupaki Walmart. Mi nilikuwa breki ya usiku ghalani nimekaa juu ya forklifti yangu, nikajibu kitu ambacho admin kakifuta, ndo maana naandika huku ambako admin ni mimi.

Nianze na chombo chenyewe maana naona wengi mnadhani ni kama Vitz iliyong'olewa milango. Gari la sprinti la daraja la juu, wanaliita 410 kwa ukubwa wa injini, inchi za ujazo 410, lina nguvu za farasi kama 900 na uzito wake na dereva ndani ni kilo 640 hivi. Vitz ya kawaida ni nzito kuliko hilo na nguvu zake nyingi hazifiki hata 100, piga hesabu mwenyewe. Halina klachi, halina giaboksi, halina stata, linasukumwa na pikapu kwa nyuma mpaka liwake. Linakunywa methanoli, ambayo ikishika moto mchana moto wenyewe huuoni, unaona tu mtu anarukaruka anajipiga. Tairi la nyuma kulia ni kubwa kuliko la kushoto, makusudi, ili gari lipende kukata kushoto. Dereva anakaa wima na shafti inapita katikati ya miguu yake. Pale Knoxville, kamji ka watu elfu saba na kitu, mwendo wa kama saa moja tu kutoka hapa Des Moines, uwanja ni nusu maili ya udongo mweusi na mzunguko mmoja ni sekunde 15 hivi, maana yake wastani, ukihesabu na kona, unapita kilomita 190 kwa saa, na hizo kona zinapitwa ubavu-ubavu, pua inaangalia ndani, tairi za mbele zimekatwa kulia huku gari linakwenda kushoto. Sasa wewe uliyegonga pipa la taka la kanisa kwenye theluji mwezi wa pili, na wote tulikuona, ndo wa kumcheka huyo binti?

Na kubinuka wala si habari. Tairi zote nne ziko nje, hazina kitu cha kuzikinga, ukigusana na la mwenzio lako linapanda juu ya lake na gari linaruka. Hakuna bingwa wa mchezo huu ambaye hajawahi kutazama mbingu miguu juu. Wanaume wanabinuka kila wikiendi, mtangazaji anasema pole, taa nyekundu, tingo wanakuja na mnyororo, gari linabebwa, mbio zinaendelea. Hakuna anayetuma grupuni kaandika "mwanaume na usukani".

Hilo la kucheka lakini nalivumilia, nimelizoea, pale kazini nilipokabidhiwa forklifti kuna mzee aliuliza kama nina mtu wa kunisaidia kurudi rivasi. Kinachonikera zaidi ni hili jingine ambalo linafanywa na watu wanaojiita wapenzi wa mabinti hawa, wanaowapigia makofi.

Angalia Erin Crocker. Binti wa Massachusetts, msomi, ana digrii ya uinjinia. 2003 akawa mwanamke wa kwanza kufuzu Knoxville Nationals, na Nationals kwa watu wa udongo ndo Makka yao, ipo toka 1961, kila Agosti. Oktoba 2004 kule Tulare, California, akashinda mbio za World of Outlaws, ile ligi ya sprinti inayozunguka nchi nzima. Mwanamke wa kwanza kushinda huko, na Outlaws ndo kilele, hakuna pa kupanda juu yake kwenye udongo. Mtu akishafika hapo ungefikiri nini? Ungefikiri wanamwacha hapo azoee, ashinde ya pili, ya tatu, apoteze, abinuke, ajue kila kona ya kila uwanja kutoka Pennsylvania mpaka California. Thubutu. Msimu uliofuata keshahamishiwa kwenye lami, kwenye programu ya vijana wa NASCAR, na mdhamini ni General Mills, wale wale wenye unga wa keki wa Betty Crocker, na kwa vile jina la ukoo limegongana unaweza kujaza mwenyewe utani uliopigwa. Mwaka 2006 wakampa malori ya NASCAR, yaani pikapu za mbio, msimu mzima. Gari lina uzito mara mbili na zaidi ya lile alilozoea, lina paa, linataka mguu mwingine kabisa. Matokeo hayakuja, kama yasivyokuja kwa vijana wengi tu wa kiume wanaotoka udongoni, na baada ya hapo kiti kikaisha. Na wale wale waliomtoa udongoni mbio mbio wakawa wanatikisa kichwa, eti unaona, mabinti bado.

Bado nini? Nyie mmechuma embe bichi mkalilaumu kwa uchachu.

Sasa linganisha na Donny Schatz, na simsemi vibaya, ni fundi kweli kweli, nampenda. Kaingia Outlaws 1997. Ubingwa wake wa kwanza kauchukua 2006. Kati ya hapo alikuwepo tu, anashinda hizi, anakosa zile, anajifunza, familia yake ina vituo vya malori kule North Dakota (nyie madereva wa masafa huenda mshajaza dizeli kwao) na ilikuwa nyuma yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema kijana huyu ni wa tano leo kwa hiyo wanaume hawawezi. Leo ana ubingwa kumi na ni mmoja wa wakubwa wa mchezo huu wa nyakati zote. Kumi! Umetoka wapi huo? Umetoka kwenye mizunguko. Udongo hausomwi darasani. Saa moja jioni umelowa, unashika kila mahali, saa tatu ushakauka na kung'aa, njia nzuri imehama kutoka chini imekwenda juu karibu na ukuta, kesho yake uwanja mwingine na mchezo mwingine. Hayo yanaingia mwilini kwa miaka na miaka ya ukaaji kwenye kiti, kiti kile kile, na hicho ndo mabinti wananyimwa, tena kwa tabasamu na mkataba.

Mwaka jana majira ya joto mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani wa kule kule Knoxville, alinikokota kwenda. Nilikaa kona ya nne, kosa la mgeni, mabonge ya udongo yananyesha mpaka kwenye nachosi. Mbio zikiisha wanafungua geti mnaingia mpaka kwenye matrela, na hapo ndo niliona kitu. Binti mmoja, sidhani hata kama anafika miaka 20, kalala chali chini ya gari lake na kile kibati cha kupakia puti ukutani, anakwangua udongo uliogandia chini, unamdondokea kifuani, anaendelea tu. Udongo ni uzito, na uzito ni mwendo. Baba yake (nadhani ni baba, pua ile ile) anabadilisha gia za ekseli ya nyuma haongei na mtu. Kakaja katoto kakaomba ile plastiki ya kioo cha helmeti, ile wanayobandika nyingi juu ya nyingine alafu wanabandua moja moja kila kioo kikijaa matope, akatoa mkono kule chini akampa bila kuinuka. Alimaliza wa kumi na kitu usiku ule. Hakuna aliyekuja kumhoji na yeye hakuonekana kujali, alikuwa anabishana na baba yake kuhusu presha ya tairi. Nikasema moyoni huyu aachwe hivi hivi. Asije mtu na kamera akamwambia tabasamu.

Mtasema hela. Sawa, tuseme hela. Injini moja mpya ya 410 inapita dola 50,000, hapo hujanunua fremu wala trela. Ni kweli, na nakubali kwa shingo upande, kuna mabinti wamepata viti kwa sababu sponsa alipenda sura yao kwenye bango, nimewaona na sitawataja. Lakini nionyesheni mvulana aliyefika huko bila baba mwenye kampuni, mjomba mwenye gereji au sponsa aliyependa ukoo wake. Hawa wote wanaanza na vigari vidogo wakiwa na miaka mitano, sita, hivi mtoto wa miaka mitano analipa kwa mshahara upi? Mvulana akiletwa na hela ya baba ni "familia ya mbio". Binti akiletwa na hela ya baba ni hela ya baba.

Nguvu za mwili? Usukani wa haya magari una haidroliki. Mada imeisha.

Hatari, hapo nanyamaza kidogo. Bryan Clauson alikuwa miongoni mwa madereva bora wa udongo wa kizazi chake, 2016 akafa kwa ajali ya Belleville, Kansas, umri miaka 27, na viungo vyake vikawaponya wengine. Binti yangu akiniambia anataka kuingia huko sijui ningesemaje, pengine ningeficha funguo. Ila hiyo ni hofu ya mzazi na mvulana wangu ningemfichia vile vile.

Na kwa wale ndugu zangu mnaosema haya ni mambo ya wazungu, jina moja tu: Cheryl Glass. Mweusi, kakulia Seattle, kaanza vigari vidogo akiwa na miaka tisa, na 1980, nyie mnasikia, 1980, alikuwa anakimbiza gari la sprinti pale Skagit, jimbo la Washington, akatajwa dereva bora mgeni wa msimu. Miaka mitatu tu kabla ya hapo ndo Janet Guthrie alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia Indianapolis 500, na mpaka 1971 wanawake walikuwa hawaruhusiwi hata kukanyaga eneo la mafundi pale Indianapolis. Cheryl alikuwa pia anabuni magauni ya harusi. Magauni ya harusi na methanoli! Alifariki 1997, miaka 35. Mimi nimeishi nchi hii miaka yote hii, watoto wangu wanaletewa Black History Month, mwezi wa historia ya weusi, na karatasi za kupaka rangi, na hilo jina sikulisikia mpaka nilipolichimba mwenyewe kwenye simu. Hili linaniuma kuliko hiyo video, niseme ukweli.

Sasa tumerudi kwenye kizazi cha leo na naona mchezo ule ule unaanza upya. McKenna Haase wa hapa hapa Iowa, 2015, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za sprinti Knoxville, daraja la 305. Kaylee Bryson wa Oklahoma, 2022, wa kwanza kuingia fainali ya Chili Bowl pale Tulsa, ambako wanakuja madereva zaidi ya 300 kugombania nafasi chache za Jumamosi. Jade Avedisian wa California, 2023, ubingwa wa Xtreme Outlaw wa mijeti (midget, wadogo zake sprinti), mwanamke wa kwanza kuwa bingwa wa taifa wa magari hayo, na hata miaka 18 alikuwa hajafikisha. Wa kwanza, wa kwanza, wa kwanza. Kila mtu anataka picha na wa kwanza. Nani anayemlipia matairi wa pili? Nani atakumbuka ushindi wa saba wa binti yeyote hapo? Na huo wa saba ndo kazi yenyewe, huo wa kwanza unaweza kuwa hata na bahati.

Kwa hiyo hesabu yangu ni nyepesi. Schatz alipewa kuanzia 1997 mpaka 2006. Mchukueni binti bingwa wa 2023, mpeni miaka ile ile tisa, udongo ule ule, injini nzuri, fundi mzuri, asisumbuliwe, amalize wa kumi na nne bila mtu kuandika insha kuhusu wanawake wote duniani. Hiyo inatufikisha 2032, hapo tukae tubishane na mi nitaleta chai. Ila najua mambo yanavyokwenda, hivi ninavyoandika huenda kuna mtu kwenye ofisi ya kiyoyozi kule Charlotte, kwenye timu za NASCAR, ana orodha ya mabinti wa udongoni mezani, na anachouliza kwanza ni nani kati yao ana wafuasi wengi Instagram.