Tamthilia za Korea na manabii wa uongo: mtego waonyeshwa, kiwewe charukwa

Habari za Shakahola, msitu wa Kenya ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, zilipotoka mwaka 2023, swali lililosikika sana lilikuwa: watu wazima na akili zao walikubalije? Tamthilia za Korea Kusini zilikuwa zimelijibu swali hilo mapema, tena vizuri. Katika Save Me ya kituo cha OCN (2017), familia ya msichana Sang-mi inahamia mji wa Muji kutoka Seoul ikiwa imefilisika. Pacha wake, kijana mwenye ulemavu wa mguu, anaonewa shuleni hadi anaanguka kutoka juu ya jengo na kufa. Mama anachanganyikiwa. Waumini wa Guseonwon, kundi la nabii wa uongo, wanakuja na msaada na pole, na mtu aliyefiwa hawezi kuikataa pole. Kufikia wakati binti anatakiwa awe mali ya kiongozi wao, baba ameshajiona mdeni wa wafadhili wake.

Save Me 2 (2019) naiona bora zaidi. Kijiji cha Wolchu-ri kinakaribia kufunikwa na maji ya bwawa, na wanakijiji wanasubiri fidia. Choi Kyung-seok anajitokeza kama mzee wa kanisa, akimtanguliza mchungaji kijana ambaye mwenyewe anaamini kwa dhati. Anayeushtukia utapeli ni Min-cheol, mlevi mgomvi aliyetoka jela juzijuzi. Sasa nani atamsikiliza?

Wanaozilaumu tamthilia hizi nao hawajakosea. Baek Jung-ki wa Guseonwon, kwa mvi zake na sauti yake ya mahubiri, anatisha tangu dakika ya kwanza. Mtazamaji anazoea kumtafuta mwovu kwa sura, wakati matapeli wengi wa kweli hawatishi hata kidogo. Mateso ya wasichana nayo yanarefushwa ili watu wasibanduke kwenye kiti. Lawama kama hiyo iliukuta hata mfululizo wa hali halisi wa Netflix kuhusu manabii wa Korea, In the Name of God, wa Machi 2023, kwa jinsi ulivyoonyesha udhalilishaji wa wanawake bila kuficha mengi. Lakini kundi la JMS, mojawapo ya makundi yaliyochunguzwa humo, lilikwenda mahakamani kutaka usionyeshwe, likakataliwa. Kati ya kuonyesha kupita kiasi na kunyamaza, nachagua la kwanza, ingawa si kwa moyo mweupe.

Kasoro ninayoiona kubwa ni nyingine: hadithi hizi hupenda kuishia pale kiongozi anapoanguka. Jeong Myeong-seok, mwanzilishi wa JMS, alitumikia miaka 10 kwa ubakaji, akatoka mwaka 2018, na kundi lake likampokea. Akarudia uhalifu uleule, safari hii dhidi ya wafuasi wa kike, wakiwamo wa kutoka nje ya Korea. Hukumu ya kwanza ilikuwa miaka 23. Rufaa ikaipunguza hadi 17, na Mahakama ya Juu ikaithibitisha Januari 2025.

Kwa hiyo jela haikulivunja kundi. Save Me ina sehemu 16, na karibu zote ni za kuingia mtegoni na kuhangaika kutoka. Ningeongeza nyingine nne hivi za kumwona Sang-mi akiishi nyumba moja na baba aliyemtoa kwa kiongozi, wakiulizana asubuhi nani atakwenda sokoni.