Fundi Umeme wa Mtaani au Mkandarasi Mwenye Leseni? Muhuri Peke Yake Hautoshi

Anayejenga nyumba Tanzania Bara humhitaji fundi umeme angalau mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya plasta, kuta zinapochimbwa na mabomba ya kupitishia nyaya yanapozikwa. Mara ya pili ni pale fedha ya kununua waya inapopatikana, jambo linaloweza kuchukua mwaka au miwili. Mara ya tatu ni mwishoni, soketi, swichi, taa na meini swichi zinapofungwa, na hapo ndipo suala la leseni huibuka kwa mara ya kwanza, kwa sababu maombi ya kuunganishiwa umeme wa TANESCO hudai uthibitisho wa mkandarasi anayetambulika kisheria. Siku hiyo nyaya zimeshafunikwa, rangi imeshapigwa, na kijana aliyezipitisha hana leseni. Kinachofuata kinajulikana mitaa yote: fundi anasema anaye bosi wake mwenye muhuri, mwenye nyumba anaongeza fedha kidogo, na karatasi inarudi imegongwa muhuri wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanja hicho.

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu mafundi umeme wa nyumbani umewekwa kama uchaguzi kati ya watu wawili, fundi wa mtaani kwa upande mmoja na mkandarasi mwenye leseni kwa upande wa pili. Nadhani uchaguzi huo umewekwa vibaya. Hatari iliyo kubwa zaidi ni muhuri uliouzwa, kwa sababu asiyekuwa na muhuri huendelea kuwa na wasiwasi na huuliza, ilhali aliyenao huamini kwamba nyumba yake imekaguliwa.

Sheria yenyewe haina utata. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, anayefanya kazi ya kufunga mifumo ya umeme hutakiwa awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, na leseni hizo zimegawanywa katika madaraja, A likiwa la kazi kubwa zaidi, na kila daraja lina mipaka yake. Mantiki yake ni nzuri. Mwenye leseni amepimwa elimu na uzoefu wake, jina lake limo katika kumbukumbu za mamlaka, na akiharibu ana kitu cha kupoteza. Fundi asiye na leseni akiharibu hubadilisha laini ya simu. Isitoshe, wajibu wa TANESCO huishia kwenye mita. Nyaya zilizo ndani ya kuta ni za mwenye nyumba, na zikileta moto usiku yeye ndiye atakayeulizwa zilisukwa na nani.

Hata hivyo, wanaomtetea fundi wa mtaani wana hoja nzito kuliko wanavyopewa nafasi ya kuieleza. Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa awamu, kulingana na fedha inavyoingia. Mkandarasi mwenye ofisi mjini hupanga bei ya kazi nzima, hutaka malipo ya awali, na si rahisi aje Chanika au Kisarawe kwa ajili ya mabomba ya vyumba viwili, kisha asubiri miezi kumi na minne ndipo aitwe tena. Fundi wa mtaani huja. Hukubali kulipwa kidogo kidogo, hukumbuka bomba lipi linakwenda wapi hata baada ya mwaka, na taa ikizima saa mbili usiku unamgongea mlango. Wengi wao walijifunza kazi kwa kumshikia ngazi fundi mkubwa kwa miaka, na nimewaona vijana ambao hawajawahi kuingia darasa la VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wakipanga nyaya ndani ya meini swichi kwa unadhifu ambao wenye vyeti wengi hawaufikii. Vijijini hali ni ngumu zaidi. Kuunganishiwa umeme wa njia moja hulipiwa shilingi 27,000, na wananchi wamejitokeza kwa wingi, lakini kusuka nyaya ndani ya nyumba ya vyumba vitatu hugharimu mara nyingi ya hiyo, na wenye leseni wako makao makuu ya wilaya au mbali zaidi. Kifaa cha UMETA, kinachokuja na soketi na taa zikiwa tayari, kimezisaidia nyumba ndogo kuukwepa mzigo huo, ila nyumba ikishaongezwa chumba na jokofu likanunuliwa, fundi atahitajika tu. Kumwambia mtu wa huko amfukuze fundi wake aliye jirani ni kumwambia akae gizani.

Lakini ujuzi wa mkono una mpaka, na mpaka huo niliuona kwa dada yangu. Miezi michache baada ya kuhamia, watoto wake walianza kusema bomba la bafuni linawatekenya. Fundi aliyesuka nyaya aliitwa, akagusa bomba kwa tesita, akasema ni unyevu. Hatukuridhika. Tukamleta mkandarasi mwenye leseni, ambaye kabla ya kugusa chochote alizima umeme na kufungua mfuniko wa meini swichi. Waya wa athi wenye rangi ya kijani na njano, uliotakiwa kushuka hadi ardhini, ulikuwa umekatwa nyuma ya kisanduku na ncha yake kukunjwa vizuri, kama mtu anavyoficha uzi wa nguo uliozidi. Nje, badala ya nondo maalumu ya athi, kulikuwa na kipande cha nondo ya ujenzi kilichopigiliwa urefu wa kiganja, tena kwenye kifusi. Hita ya kuogea ilikuwa inavujisha umeme, na kwa kuwa haukuwa na njia ya kwenda ardhini, ulikuwa ukiwasubiri watoto kwenye bomba. Karatasi ya nyumba hiyo ilikuwa na muhuri. Mwenye muhuri huo dada hajawahi kumwona hadi leo.

Kasoro ya namna hiyo haionekani kwa macho ya mwenye nyumba, na hapa ndipo hoja ya leseni inapopata uzito wake wote. Taa iliyofungwa vibaya mara nyingi haiwaki, kwa hiyo mwenye nyumba huijua siku hiyo hiyo. Athi iliyokatwa haizuii taa kuwaka, feni kuzunguka wala jokofu kugandisha. Inaweza kukaa miaka bila mtu kuijua, mpaka kifaa kimoja kiharibike. Kuigundua kunahitaji vipimo: kupima kama waya wa athi umeungana kutoka kila soketi hadi ardhini, kupima kwa kifaa kiitwacho mega kama ganda la nyaya lililo ndani ya ukuta halijachubuka, na kubonyeza kitufe cha kujaribia cha kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho kwa nyumba hutakiwa kukata umeme kabla mvujo haujazidi miliampia 30. Fundi wa mtaani mwenye mkono mzuri mara nyingi ana tesita na koleo tu. Hana mega, kwa sababu bei yake ni mapato yake ya wiki nyingi.

Hesabu nayo ina sehemu yake. Hita ya kuogea ya wati 5,500 katika umeme wa volti 230 huvuta takriban ampia 24. Mafundi makini huipa waya wake pekee wa nne au wa sita, yaani unene kwa milimita za mraba, kutoka meini swichi, lakini ni kawaida kuikuta imeungwa kwenye waya wa mbili na nusu unaolisha soketi za chumba cha jirani. Sakiti breka ikikata mara kwa mara, hubadilishwa na kubwa zaidi ili isikate, na kuanzia siku hiyo kinachopashwa moto ni waya uliomo ukutani.

Je, basi leseni ni dhamana? Hapana, si yenyewe tu. Leseni inathibitisha kwamba mtu alitimiza masharti alipoomba. Haithibitishi kwamba yeye ndiye aliyeshika koleo nyumbani kwako. Wakandarasi wengine hushinda zabuni kisha hutuma vibarua wale wale wa mtaani bila msimamizi, na mwenye nyumba hulipa bei ya juu kwa mkono ule ule. Ndiyo maana naona ushauri wa kawaida, kwamba tafuta mwenye leseni ukae utulie, ni ushauri nusu.

Kinachowezekana kwa wenye nyumba wengi ni kuwatumia wote wawili kwa makubaliano ya wazi tangu mwanzo. Mkandarasi mwenye leseni atafutwe kabla ya plasta, si baada ya rangi. Jina lake lihakikiwe katika orodha ya EWURA pamoja na daraja lake na tarehe ya leseni kuisha. Fundi wa mtaani afanye kazi chini yake, na mkandarasi alipwe kwa kufika mara mbili, mara ya kwanza mabomba yakiwa bado yanaonekana, na mara ya pili kupima kabla ya kugonga muhuri, mwenye nyumba akiwa amesimama hapo hapo anaangalia vipimo vikisomwa. Itaongeza gharama, silikatai. Wapo watakaosema fedha hiyo ingenunua milango miwili, nami nawaelewa, ila nyumba inaweza kulala siku chache kwa mlango wa mabati, wakati athi haina mbadala wa muda. Mkandarasi anayekataa kufika na kutaka atumiwe karatasi tu ameshajieleza.

Suala la vifaa nalo lisiachiwe fundi peke yake, kwa kuwa baadhi ya maduka humpa fundi kamisheni kwa kila mteja anayempeleka, na kamisheni nono hutoka kwenye waya mbovu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu tu. Ukikwangua ncha yake kwa kisu, weupe hutokea. Kwangua dukani kabla hujalipa, na muuzaji akikasirika nenda duka la pili.

Upande wa serikali, njia iliyopo ya VETA ya kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa ingepaswa kuwafikia mafundi wengi zaidi, maana inampima mtu kwa anachokiweza. Tatizo ni kwamba fundi anayelipwa kwa siku hupoteza kipato kila siku anayokuwa kwenye mafunzo na majaribio. Yule aliyekata athi ya dada yangu bado anafanya kazi mtaani kwao, na wateja hawamkosi. Mkandarasi alipomwonyesha ncha ile iliyokunjwa, kijana alisema bila kubabaika kwamba waya ulikuwa mfupi, na kwamba fundi wake mkubwa alimfundisha kuwa ule wa kijani si lazima.