Ukishamwita mwenzako shetani utakaa nae meza gani?

Kuna mwandishi anasema viongozi wa dunia waite uovu kwa jina lake bila kuogopa, mi hapo simuungi mkono kabisa. Januari 2002 Rais George W. Bush wa Marekani alisimama mbele ya Kongresi akazitaja Iraki, Irani na Korea Kaskazini kuwa mhimili wa uovu, na wengi hawakumbuki kwamba Desemba 2001, yani hata miezi miwili haijaisha, wanadiplomasia wa Irani walikaa na Wamarekani kule Bonn, Ujerumani, wakasaidia kuipatia Afghanistani serikali mpya baada ya Taliban kung'olewa. Wale viongozi wa Irani waliotaka maelewano wakaonekana wajinga kwao, na wenye msimamo mkali wanaoiita Marekani shetani mkubwa tangu 1979 wakapata cha kusema. Iraki ikavamiwa 2003, silaha za maangamizi hazikupatikana, watu wamekufa maelfu kwa maelfu, Korea Kaskazini nayo mwaka huohuo ikajitoa kwenye mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia na 2006 ikajaribu bomu lake la kwanza.

Sisemi Saddam Hussein, rais wa Iraki, alikuwa mtu mwema jamani, gesi aliyowapigia Wakurdi wa Halabja 1988 ni unyama mtupu. Ila kipindi kile Marekani ilikuwa inamsaidia yeye dhidi ya Irani! Na Mandela je, kashakuwa rais, kashastaafu, bado jina lake liko kwenye orodha ya magaidi ya Marekani mpaka 2008. Sasa hawa wanaogawa nani mwema nani muovu tuwaamini kwa kipimo gani?