Dola 40 za mwalimu wa Sudan Kusini

Arusha haiwezi kujifanya haiijui Sudan Kusini. Januari 2015 makundi ya SPLM, chama tawala cha nchi hiyo, yaliyokuwa yakipigana yaliletwa hapa, CCM ikiwa mwenyeji wao, yakatia saini makubaliano ya kukiunganisha tena chama. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu hapo bendera yake inapepea makao makuu ya Jumuiya, jirani na ukumbi wa mikutano wa AICC. Ujirani huo haujatufanya wapole. Ukikaa kwenye kijiwe cha kahawa na kutaja misaada inayoendesha zahanati na shule kule, utajibiwa kabla hujamaliza: wana mafuta, wana wabunge wao katika Bunge la Afrika Mashariki hapa mjini, michango yao ya Jumuiya inasuasua, sasa huruma ya nini? Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, niliwasikia watu wenye heshima zao wakisema ni afadhali, maana mtoto anayebebwa kila siku hajifunzi kutembea.

Hoja hiyo ina uzito. Operation Lifeline Sudan, operesheni ya misaada iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, ilipeleka chakula pande zote mbili za vita vya kaskazini na kusini mwa Sudan, na haikuwa siri kwamba sehemu yake iliishia kwa wapiganaji, hata wakati wa njaa ya Bahr el Ghazal ya mwaka 1998. Baada ya uhuru wa Julai 2011, serikali mpya ilipata sehemu kubwa sana ya mapato yake kutokana na mafuta, lakini afya na elimu ziliachiwa wafadhili kana kwamba ni mambo ya wageni. Septemba 2025 tume ya Umoja wa Mataifa inayochunguza haki za binadamu nchini humo ilitoa taarifa kuhusu uporaji wa mali ya umma, ikieleza kwamba kati ya takriban dola bilioni 2.2 zilizotolewa kati ya 2021 na 2024 kwa mpango wa kulipia barabara kwa mafuta, dola bilioni 1.7 hazikuwa na maelezo. Serikali ya Juba iliikataa taarifa hiyo. Mtu akisoma tarakimu hizo na kuuliza kwa nini mlipa kodi wa Uingereza amlipie mkunga wa Bentiu, mji wa kaskazini mwa Sudan Kusini, sina jibu la haraka la kumpa.

Ninakubaliana na karibu yote hayo. Kinachonishinda ni hitimisho linalotolewa, kwamba misaada ndiyo inayoilemaza nchi, na kwamba ikiondolewa nchi itasimama. Wanaosema hivyo huzungumza juu ya majengo, magari meupe na semina za hotelini, vitu ambavyo hata mimi vinanichosha. Mara chache wanazungumza juu ya mshahara, na fedha nyingi za maana katika misaada hii zimekwenda huko, kwa mtu anayefungua mlango wa darasa au wa chumba cha kujifungulia asubuhi.

Tuchukue posho ya walimu. Kuanzia mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliwalipa walimu wa shule za msingi wa Sudan Kusini posho ya dola 40 kwa mwezi, baada ya kuwaandikisha na kuwahakiki mmoja mmoja. Dola 40 ni fedha ndogo. Kwa kiwango cha mwaka ule hazikufika laki moja ya Tanzania, kiasi ambacho mbeba mizigo wa soko la Kilombero, siku zikimwendea vizuri, angekipata kwa wiki mbili. Ukubwa wa posho ile unaonekana pale tu unapoiweka kando ya mshahara iliokuja kuushikilia. Kabla ya Desemba 2015 dola moja ilibadilishwa rasmi kwa pauni ya Sudan Kusini karibu tatu. Mwezi huo serikali iliacha thamani ya pauni ipangwe na soko, na dola ikaruka hadi pauni 18 na nusu. Kufikia mwaka 2017 ilikuwa imevuka pauni 100. Fanya hesabu na mwalimu wa kufikirika mwenye mshahara wa pauni 300. Alipolala alikuwa na dola 100, alipoamka alikuwa na dola 16, na miaka miwili baadaye mshahara uleule, kama ulifika, haukutimiza dola tatu. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi kwa sababu inageuza swali lote. Mtu anayelipwa dola tatu kwa mwezi na bado anaingia darasani, huwezi kusema msaada umemzoesha kubebwa. Yeye ndiye aliyekuwa ameibeba serikali, na dola 40 zilikuja kumpunguzia mzigo huo.

Kuna anayeweza kusema kwamba posho ile iliipa Juba nafasi ya kuendelea kutolipa. Huenda. Lakini mishahara ilikuwa ikichelewa kwa miezi kabla posho haijaanza, na imeendelea kuchelewa katika miaka iliyofuata, kwa hiyo sioni ni tabia gani mpya iliyofundishwa. Fedha za Uingereza zilizotolewa tangu 2013 kwa wasichana ili wabaki shuleni, pamoja na ruzuku ya uendeshaji kwa shule zao, zina mantiki hiyohiyo na sitazirudia.

Upande wa afya nitajiepusha na takwimu inayopendwa na wote. Utafiti wa kaya wa mwaka 2006 ulitaja vifo vya uzazi 2,054 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalisema 1,223. Yale ya mwaka 2023 yakasema 692. Mtetezi wa misaada angeshangilia mteremko huo, lakini namba hizi zimetoka katika njia tofauti za kukadiria, katika nchi ambako wanawake wengi hujifungulia nyumbani na vifo vyao haviandikwi popote. Hazimsaidii yeyote kushinda mjadala.

Mwaka 2025 ulitupa kipimo bora zaidi, ingawa hakuna aliyekiomba. Kama misaada ndiyo iliyoilaza serikali, kuondoka kwake kungeonyesha japo dalili ya kuamka. Katika kaunti ya Akobo, jimbo la Jonglei, kipindupindu kilikuwa kikisambaa wakati vituo vya afya vilivyosaidiwa na Save the Children vilipoanza kufungwa kwa kukosa fedha za Marekani, na Aprili mwaka huo shirika hilo lilieleza kwamba watu wanane, watano kati yao watoto, walifariki wakitembea saa tatu juani kutafuta matibabu. Ninajua kwamba miezi michache haitoshi kuipima serikali. Kwa mtu mwenye kipindupindu hata saa tatu ni nyingi.

Jambo hili nililiona pia karibu, kwa kiasi kidogo na bila vita. Mtoto wa shangazi yangu, ambaye namwita dada, alikuwa mhudumu wa mkataba katika kituo kimoja cha afya mkoani hapa, akilipwa na mradi wa wafadhili. Kazi yake ilikuwa kuwafuatilia watoro, yaani wagonjwa wa kliniki ya tiba na matunzo walioacha kuja kuchukua dawa. Alikuwa na daftari lenye namba za simu na alama za penseli, na vocha aliyopewa na mradi kila mwezi. Mwanzoni mwa 2025 aliambiwa asimamishe kazi, akakabidhi daftari na funguo ya kabati siku hiyohiyo. Jengo liko palepale, limepakwa rangi, na muuguzi wa serikali yupo, ila ana foleni ya mlangoni na hana muda wala vocha ya kumtafuta ambaye hakufika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sehemu ya msaada inayofaa zaidi haionekani katika picha za uzinduzi.

Hata hivyo wakosoaji wana hoja moja ambayo watetezi huikwepa, nayo ni njia ambayo fedha hupitia. Mfuko wa pamoja wa afya ulioongozwa na Uingereza tangu 2012 ulipitisha fedha za wafadhili kwa wakala wa usimamizi, kisha mashirika ya kimataifa, kisha wakati mwingine mashirika ya wenyeji, hadi zikamfikia mganga. Mfuko huo ulipofikia ukomo mwaka 2024, mahali pake pakashikwa na mradi mwingine wenye fedha za Benki ya Dunia, UNICEF ikiwa mtekelezaji mkubwa. Kila mabadiliko ya mfuko humfanya mkunga asubiri mkataba mpya, na jina lake bado halimo katika orodha ya mishahara ya nchi yake. Isitoshe, kuna mambo ambayo hakuna mfuko unaoweza kuyazuia: hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka huko Old Fangak ilipigwa mabomu tarehe 3 Mei 2025.

Kuhusu orodha ya mishahara, sisi wa kaskazini tuna mfano tunaousahau kwa sababu tumeuzoea. Hospitali ya KCMC pale Moshi ilifunguliwa mwaka 1971 kwa fedha nyingi za makanisa na wafadhili wa nje, na umiliki wake umebaki kwenye taasisi ya kanisa, lakini serikali ikabeba sehemu kubwa ya mishahara ya watumishi. Hospitali teule za wilaya zilikwenda njia hiyohiyo: kanisa lina jengo, serikali ina watumishi na ruzuku. Utaratibu huo una kero zake, na mtu yeyote aliyewahi kusubiri ruzuku ya robo mwaka atazieleza vizuri kuliko mimi. Lakini haukuanza kwa mfadhili kufunga mlango ili serikali ipate akili. Ulianza kwa makubaliano ya nani atamlipa nani, na kuanzia lini.

Sudan Kusini haina amani tuliyokuwa nayo sisi, na serikali yake imeonyesha wazi vipaumbele vyake, kwa hiyo makubaliano ya namna hiyo yatahitaji msukumo, na msukumo huo unaweza kutoka katika Jumuiya iliyo hapa mjini kwetu kuliko London au Brussels. Wafadhili wakisema wataondoka kwa awamu, huku kila awamu ikihamisha majina ya walimu na wakunga kadhaa kwenda hazina ya Juba, na malipo ya jina lililohamishwa yakikaguliwa kabla ya kuhamisha jingine, nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Kabla ya hapo naona dola 40 zilipwe, na zilipwe kwa tarehe.